Matairi makubwa si dawa ya kila tope

KATIKA miji ya Kitale na Bungoma, gari la kupanda milima ni mali ya heshima. Ndilo lipelekalo magunia ya mahindi sokoni, ndilo limkimbizalo mgonjwa hospitalini usiku wa mvua, na ndilo lirudishalo jamaa nyumbani kutoka Nairobi wakati wa likizo. Si ajabu basi kwamba mwenye gari akipata vijipesa, jambo la kwanza analofikiria ni kulivisha matairi makubwa. Gari huinuka, hupendeza, na majirani hugeuka kulitazama.

Lakini je, msomaji, matairi hayo yatakuvusha topeni kweli? Au yatameza pesa za karo na kukuacha pale pale mtaroni, watoto wakiwa ndani na giza likiingia?

Swali hili si dogo. Sharti ununue matairi matano, pamoja na lile la akiba, na bei yake ni ya kukufanya ufikiri mara mbili. Hadi mwaka wa 2016 Nairobi ilikuwa na kiwanda chake cha matairi, kile cha Sameer Africa ambacho zamani kilijulikana kama Firestone. Kilipofungwa, wanunuzi walibaki kutegemea matairi ya kutoka ng'ambo. Isitoshe, tairi ndilo sehemu pekee ya gari inayogusa ardhi. Ukikosea hapa, breki nzuri na injini yenye nguvu hazitakusaidia.

Soma maandishi ya ubavuni

Kabla hujaenda dukani, inama usome ubavu wa tairi ulilo nalo. Magari mengi ya aina ya Toyota Prado na Hilux huvaa matairi yaliyoandikwa 265/65R17. Nambari ya kwanza, 265, ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili, 65, ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 172 hivi. Herufi R yaeleza jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, nayo 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Ukijumlisha ubavu wa juu, ubavu wa chini na rimu, utapata kwamba tairi hilo lina kimo cha milimita 776 hivi. Mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuifanya hesabu hii kwa kalamu na karatasi, na ni vyema umwachie aifanye, kwani ndiyo itakayokulinda na maneno matamu ya muuzaji.

Hebu sasa tuseme umeshauriwa uweke 285/70R17. Hesabu ni ile ile: kimo chake ni kama milimita 831. Tairi limeongezeka kwa milimita 55 hivi, yaani zaidi ya inchi mbili. Je, gari nalo limeinuka inchi mbili? La. Ekseli hukaa katikati ya gurudumu, kwa hivyo unafaidi nusu tu ya nyongeza hiyo. Tumbo la gari limeinuka milimita 27, takriban upana wa vidole viwili. Hiyo ndiyo faida uliyoinunua, na ni vyema uijue kabla ya kuilipia.

Mita ya mwendo nayo hudanganywa. Tairi kubwa husafiri mbali zaidi kila linapozunguka mara moja. Kwa mfano huu, mita ikisoma kilomita 80 kwa saa, wewe waenda karibu 86. Ikisoma 110, ambayo ndiyo kasi ya juu kabisa inayoruhusiwa kwa gari dogo nchini Kenya, kumbe wakaribia 118. Ukikutana na askari wa trafiki mwenye kifaa cha kupima mwendo, mita yako haitakuwa shahidi wa kukuokoa.

Tope la Elgon na mchanga wa Turkana

Kitale ni mahali pazuri pa kujifunzia somo hili, kwani kutoka mjini humo waweza kwenda katika nchi mbili tofauti kabisa.

Ukielekea magharibi kupitia Endebess hadi lango la Chorlim la Mbuga ya Mlima Elgon, ambako ndovu huingia katika pango la Kitum kutafuta chumvi, utakutana na udongo mwekundu wa volkano. Ni huo huo utakaoupata ukipanda kutoka upande wa Bungoma kuelekea Kapsokwony. Mvua ikinyesha, udongo huo huteleza kama sabuni. Hata hivyo, chini ya tope aghalabu pana ardhi ngumu.

Hapo tairi jembamba lenye kimo ndilo bingwa. Hulikata tope, likashuka hadi penye ugumu na kushika. Tairi pana huelea juu ya utelezi kama ubao juu ya maji. Watazame Land Rover wakongwe waliobeba watu na mizigo katika milima hii kwa miaka mingi. Wengi wao walivaa tairi la 7.50-16, lenye upana wa inchi saba na nusu tu. Halikuwa tairi la kuringia mjini, lakini lilifika.

Sasa geuka kaskazini, upite Kapenguria na kuteremka hadi Lokichar na Lodwar. Ukiacha lami huko utakutana na mchanga wa mito mikavu, jua kali, mawe yenye makali na miiba ya migunga. Kwenye mchanga mambo hugeuka: tairi pana lililopunguzwa upepo ndilo linaloelea badala ya kuzama. Na kwa sababu ya mawe na miiba, ubavu mnene una thamani kuliko meno marefu.

Hivyo basi, anayekuambia kwamba tairi fulani ni bora kuliko yote hajakuuliza unakokwenda.

Meno ya aina tatu

Matairi ya magari haya huja kwa aina tatu. Yale ya barabarani, yenye herufi H/T, yana meno yaliyokaribiana na hutembea kimya. Yale ya matope, M/T, yana meno makubwa yenye mianya mipana ya kutema udongo. Kati yao pana A/T, matairi ya kila ardhi.

Tuseme jamaa yako inaishi Nairobi na nyumbani ni karibu na Kimilili. Safari ni ya kilomita mia nne hivi, na karibu yote ni lami. Labda kilomita kumi za mwisho ndizo zenye tope. Ukiweka M/T utavumilia mngurumo safari nzima, utatumia mafuta zaidi, na kwenye lami iliyolowa gari litachelewa kusimama. Kwa jamaa nyingi za mjini, A/T ya kimo kile kile cha kiwandani, au iliyozidi kidogo tu, yatosha. 265/70R17, kwa mfano, huzidi lile la kwanza kwa milimita 27 tu, na mita hukosea kwa asilimia tatu na ushei.

Kumbuka pia kwamba likizo za Aprili na Agosti huangukia majira ya mvua katika nyanda hizi. Anayesafiri Desemba peke yake huenda asihitaji kubadilisha chochote.

Mzigo wa tairi zito

Tairi kubwa ni zito, na uzito huo unazunguka. Injini hutumia nguvu zaidi kuuanzisha, na breki hutumia nguvu zaidi kuuzuia. Gari lililokuwa likipanda mlima kwa gia ya nne sasa lataka ya tatu. Beringi na viungo vya usukani huchakaa mapema. Gari likiinuka sana nalo huyumba kwenye kona, hasa likiwa na mizigo juu ya paa.

Tena, matairi yote manne sharti yawe na kimo kimoja. Katika gari linaloendeshwa kwa magurudumu manne, tairi moja likiwa kubwa kuliko mengine gia hulazimika kuvutana zenyewe kwa zenyewe, na uharibifu wake ni wa gharama kubwa. Hii ndiyo sababu la akiba nalo lisisahauliwe.

Kabla ya kutoa pesa

Kwanza, tazama nambari ya uzito. 112S maana yake tairi moja laweza kubeba kilo 1,120, kwa kasi isiyozidi kilomita 180 kwa saa. Usikubali nambari iliyo chini ya ile ya kiwandani, hata kama tairi lenyewe ni kubwa.

Pili, soma tarehe ya kuzaliwa kwake. Tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT hutaja wiki na mwaka: 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka wa 2021. Tairi la mtumba laweza kuwa na meno mazuri ilhali mpira umezeeka. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka mitano, na lisitumike kupita miaka kumi.

Tatu, kabla ya kulipa, fundi aweke tairi moja mbele. Pakia watu ndani ya gari, kisha zungusha usukani hadi mwisho, kulia na kushoto. Likigusa bodi au springi, si lako. Usikubali kukata bodi kwa ajili ya urembo.

Nne, ijulishe kampuni yako ya bima kuhusu mabadiliko hayo, usije ukakataliwa fidia siku ya ajali.

Tano, nunua kipimo cha upepo na pampu ndogo. Kwenye mchanga madereva wengi hushusha upepo hadi pauni 20 hivi, nao hujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa kwenye lami hupata moto na huweza kupasuka. Pampu hiyo, pamoja na sepetu, kamba imara na minyororo ya magurudumu, huenda ikakufaa kuliko inchi mbili za tairi.

Na ukifika Kitale au Chwele na mbingu zimetanda mawingu, muulize dereva aliyeteremka mlimani asubuhi hiyo hali ya barabara. Akikuambia usubiri hadi kesho, lala mjini. Hakuna tairi linalouzwa dukani litakaloshinda ushauri huo.