Mgonjwa Akirudi Nyumbani, Taarifa Zake Zinabaki Wapi?

Katika ziara zetu za robo hii kwenye zahanati za Mbozi, Momba na Tunduma tumeulizwa swali moja mara nyingi kuliko jingine lolote. Wajumbe wa kamati za parokia wanasema: hospitali kubwa zimefunga kompyuta, mgonjwa akifika dirishani jina lake linatokea kwenye kioo, basi kwa nini akirudi kijijini tabibu wetu hajui alichofanyiwa? Kamati nyingine zimekwenda mbele zaidi na kuomba tutafute wafadhili wa kununulia zahanati kompyuta. Tumeona ni vema kulieleza jambo hili kabla fedha haijatumika, kwa sababu kompyuta peke yake hailijibu swali hilo.

Tuanze na daftari. Kila anayeishi mkoani Songwe analijua: daftari la kawaida la shule, jina na umri vimeandikwa juu, na ndani yake mna mwandiko wa kila tabibu aliyemwona mgonjwa huyo. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2019 wengi hulifunga kwenye kitenge, na mvua ya Mbozi haijali kitenge. Hupotea, huloa, watoto huchana kurasa. Hata hivyo daftari lina sifa moja ambayo kompyuta za hospitali nyingi hazina, nayo ni kwamba linatembea na mgonjwa.

Wafadhili wetu walioko Ulaya wamezoea kuwa na daktari wa familia, ambaye hospitali humwandikia barua kila mgonjwa wake anaporuhusiwa. Sisi hatuna daktari wa namna hiyo. Kazi yake kwetu inafanywa na tabibu na muuguzi wa zahanati, na siku hizi pia na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwaandaa wahudumu hao wapatao 137,294 nchi nzima kwa miaka 5. Hao ndio watakaomwona mgonjwa siku ya tatu na siku ya thelathini baada ya kutoka hospitali. Swali ni kama watakuwa na habari zake.

Kovu la nje na kovu la ndani

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kuugawa mkoa wa Mbeya. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.3. Wagonjwa wenye matatizo makubwa hupelekwa Vwawa, au Hospitali ya Misheni Mbozi, au Isoko kwa watu wa Ileje, na wanaohitaji mabingwa huendelea hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, kilometa 100 hivi kutoka Tunduma. Wakati wa kwenda mambo huwa afadhali. Tabibu wa zahanati huandika karatasi ya rufaa, akataja dalili, dawa alizotoa na sababu ya kumpeleka mbele. Wakati wa kurudi ndipo penye shida. Karatasi nyingi za rufaa zina sehemu ya chini ya kuandikia majibu, nasi tumeona mafungu ya karatasi hizo zikiwa na sehemu hiyo tupu.

Chukueni mfano wa mama wa kijiji cha Momba aliyefanyiwa upasuaji wa uzazi Mbeya. Miaka 2 baadaye ana mimba nyingine na anafika kliniki ya zahanati. Muuguzi analiona kovu la tumboni, na anajua kwamba mama huyu asijifungulie zahanati. Lakini kovu la nje halisemi kilichofanyika ndani. Je, mfuko wa uzazi ulikatwa kwa chini kwa mkato wa mlalo, au ulikatwa wima, mkato ambao uchungu wa mimba inayofuata unaweza kuupasua? Je, ulikuwa tayari umepasuka ukashonwa? Aliongezewa damu? Majibu yote yapo, yameandikwa kwenye jalada lililo rafuni au ndani ya kompyuta, mwendo wa saa kadhaa kutoka hapo. Muuguzi akiyajua mapema atampangia mama kwenda kukaa karibu na hospitali wiki kadhaa kabla ya siku zake. Asipoyajua, familia itaanza kutafuta pikipiki usiku uchungu ukishaanza.

Hatulaumu hospitali. Daktari wa wodi yenye wagonjwa wengi huandika karatasi ya kumruhusu mgonjwa kwa haraka, mgonjwa huiweka mfukoni, na baadaye haionekani.

Maana ya mifumo kusomana

Hospitali na vituo vingi vya serikali vinatumia mfumo uitwao GoT-HoMIS, unaosimamiwa na TAMISEMI. Hospitali za makanisa zimechagua mifumo mbalimbali. Katika miaka ya 2000 baadhi ya hospitali za KKKT zilianza kutumia Care2x, programu isiyolipiwa leseni, nayo iliwafundisha watu wengi kazi hii. Lakini tuseme ukweli: mifumo mingi ilinunuliwa kwanza kwa ajili ya kulinda mapato na kudai malipo ya bima. Inajua vizuri mgonjwa amelipa kiasi gani. Haikutengenezwa ili imweleze tabibu wa zahanati ya mbali kwamba dawa ya presha imebadilishwa.

Siku hizi tunasikia mara kwa mara kwamba mifumo ya serikali lazima isomane. Maana yake ni kwamba programu mbili zilizotengenezwa na watu tofauti ziweze kupelekeana taarifa bila mtu kuziandika upya. Ni kama posta. Hospitali haihitaji kuwa na njia yake hadi kila kijiji. Inahitaji kuweka barua kwenye bahasha ya namna inayokubalika na kuandika anwani sahihi, posta ya kati ikaipeleka. Wizara ya Afya imejenga posta ya namna hiyo, programu ya kati inayopokea ujumbe kutoka mfumo mmoja na kuufikisha kwa mwingine. Pia ipo orodha ya taifa ya vituo vya kutolea huduma, ambamo kila zahanati ina namba yake. Hiyo ndiyo anwani.

Kinachosafiri si jalada zima, wala hakuna haja. Tabibu wa zahanati anahitaji ukurasa mmoja: mgonjwa alikutwa na nini, alifanyiwa nini, anaendelea na dawa zipi na kwa kipimo gani, dawa gani inamdhuru, arudi lini, na ni hatari gani iangaliwe. Nchi ya Denmark ilianza na barua za namna hii tu. Mwaka 1994 waliunda chombo kiitwacho MedCom ili hospitali na madaktari wa familia wapelekeane rufaa, majibu ya maabara na barua za kuruhusiwa kwa kompyuta. Walikuwa na faida moja kubwa. Tangu mwaka 1968 kila mkazi wa nchi hiyo alikuwa na namba yake moja ya maisha.

Namba hiyo ndiyo kiini cha jambo. Hapa kwetu mgonjwa mmoja ana namba ya jalada Vwawa, nyingine Mbeya, namba ya bima kama anayo, na kitambulisho cha NIDA kama ameshakipata. Mtoto mchanga hana kitambulisho hicho. Majina hayasaidii sana, kwani katika kata moja ya Mbozi mnaweza kuwakuta akina mama wengi wenye jina moja la kwanza na ubini mmoja, na tarehe za kuzaliwa zilizokisiwa. Taarifa ya mgonjwa mwingine ikiingia kwenye jina lako, ni hatari kuliko kutokuwa na taarifa kabisa.

Somo tulilonalo tayari

Nchi yetu imewahi kulifanya jambo hili, tena kwa ugonjwa wenye aibu kubwa kuliko yote. Kliniki za tiba na matunzo kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, zile tunazoziita CTC, humpa kila mteja namba yenye tarakimu 14: mbili za mkoa, mbili za wilaya, nne za kituo, na sita za mtu mwenyewe. Mteja hubaki na kadi yake, kituo hubaki na kadi nyingine, na taarifa huingizwa kwenye kompyuta. Akihama, huhama na namba ile ile.

Udhaifu wake pia unajulikana. Mtu asiyetaka kuonekana na jirani yake husafiri hadi mji mwingine na kujiandikisha upya kana kwamba hajawahi kutibiwa. Anapata namba ya pili, na kliniki ya kwanza inamhesabu kuwa ameacha dawa. Mji wa Tunduma, wenye zaidi ya watu 200,000, madereva wa malori ya Kongo na Zambia, wafanyabiashara na wageni wa kila siku, unamfaa sana mtu anayetaka kujificha.

Na mpaka upo. Ng'ambo tu ya kituo cha forodha ni Nakonde, na watu hutibiwa pande zote mbili kadiri wanavyoona nafuu. Zambia ilianza katikati ya miaka ya 2000 kutumia mfumo uitwao SmartCare, uliochagua njia ya kuweka taarifa kwenye kadi yenye chembe ya kumbukumbu, mgonjwa akaibeba mwenyewe. Kwa maoni yetu wazo hilo lilikuwa zuri, maana lilimheshimu mgonjwa kama daftari linavyomheshimu. Lakini vituo vya Tanzania havitumii mfumo huo. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa mwaka 2019 kimerahisisha safari ya mizigo, ila taarifa ya mgonjwa wa kifua kikuu anayevuka mpaka bado inategemea karatasi na simu ya muuguzi kwa muuguzi.

Jirani zetu wameonyesha kwamba hata kituo cha kijijini kinaweza. Huko Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kituo cha afya cha vijijini kilianza kuandika kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta mwaka 2001, na kazi hiyo ilichangia kuzaliwa kwa OpenMRS, programu inayotumika sasa katika nchi nyingi. Zanzibar, kupitia Jamii ni Afya, wahudumu wa kujitolea wanatembelea kaya wakiwa na simu zenye maelekezo na kumbukumbu. Kilicho karibu zaidi na swali la kamati zetu ni mradi wa Afya-Tek wa Kibaha, mkoa wa Pwani, uliounganisha mhudumu wa jamii, kituo cha afya na hata duka la dawa muhimu, na kutumia alama za vidole kumtambua mteja. Mhudumu akitoa rufaa, kituo kinaiona, naye anaweza kujua kama mgonjwa alifika.

Siri ya mgonjwa

Hapa tunaomba tusikilizwe kwa makini, kwa sababu wajumbe wa kamati ni majirani wa wagonjwa. Daftari likifunguliwa na mtu asiyehusika, siri ya mtu mmoja imetoka. Kompyuta ikifunguliwa kwa neno la siri lililobandikwa ukutani, zimetoka siri za kijiji kizima. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya matokeo ya kipimo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Zahanati za makanisa hazikuachwa nje ya sheria hizo. Mwenyekiti wa kamati, katekista, mchungaji au mfadhili hana haki ya kusoma jina la mgonjwa kwa sababu tu alichangia mashine. Tumeombwa mara moja tutoe orodha ya wagonjwa waliosaidiwa, kwa majina, ili isomwe mbele ya waumini. Tulikataa, na tutaendelea kukataa.

Kabla ya kununua

Miaka kadhaa iliyopita sisi wenyewe tulipeleka kompyuta mbili kwenye kituo kimoja. Tulipiga picha, tukaichapisha. Tuliporudi mwaka uliofuata tulizikuta zimefunikwa kwa kitambaa cha kudarizi, safi kabisa. Umeme ulikuwa unakatika mchana, hapakuwa na betri, bando la intaneti halikuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote, na karani pekee aliyefundishwa alikuwa amehamishwa. Kosa lilikuwa letu, kwa kuwa tuliuliza bei ya mashine na hatukuuliza nani ataiendesha mwaka wa pili.

Kwa hiyo tunapendekeza kamati zianze na kazi isiyo na gharama. Kwa miezi 3 ijayo mganga mfawidhi wa zahanati ahesabu, kwa namba tu bila majina, wagonjwa wangapi walipewa rufaa, wangapi walirudi, na kati yao wangapi walirudi na maandishi yoyote ya hospitali. Pale ambapo majibu hayarudi, tutakwenda pamoja nanyi kwa uongozi wa hospitali husika kuomba ile sehemu ya chini ya karatasi ijazwe. Hospitali iliyoshindwa kuandika mistari mitano kwa kalamu haitaiandika kwa kompyuta.

Pamoja na hesabu hiyo tuleteeni majibu ya mambo haya: umeme upo saa ngapi kwa siku, mtandao wa simu unashika ndani ya jengo au nje tu, chumba gani kina mlango unaofungwa, watumishi wangapi wanaweza kutumia kompyuta, na kamati inaweza kuchangia kiasi gani kila mwezi kwa bando na matengenezo. Ombi lolote la mfumo lipitie kwanza kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, ili kitakachonunuliwa kiweze kusomana na cha serikali. Wafadhili waliokwisha kutuahidi fedha za kompyuta tumewaandikia kuomba idhini ya kutumia sehemu yake kwa sola, betri na mafunzo, na tutatoa taarifa ya majibu yao katika toleo lijalo.