Simu Inajua Nini Kuhusu Mguu wa Mtoto Wako?

Sisi tuliotoka Rumonge tunajua mbio za mchangani. Mtoto wa ziwani hukimbia pekupeku, kati ya mitumbwi na ndagala zilizoanikwa, na hakuna anayemfundisha mguu autue vipi. Siku hizi kuna mashine za kumwambia.

Si uchawi. Ndani ya simu nyingi za kisasa mna kifaa kidogo kinachohisi mwendo. Ndicho kinachogeuza picha ukiilaza simu. Kifaa cha namna hiyo kikifungwa mguuni mwa mkimbiaji, kinapima kila hatua mara nyingi kwa sekunde. Halafu kompyuta inaonyeshwa maelfu ya hatua ambazo watu wameshazipa majina: hii imetua kwa kisigino, hii kwa mbele ya wayo. Ikishazoea, inazitambua yenyewe.

Mpira wa Kombe la Dunia la Qatar, 2022, ulikuwa na kifaa kama hicho ndani, kikituma habari mara 500 kwa sekunde. Ndicho kilichoonyesha kwamba Cristiano Ronaldo hakuugusa mpira katika bao la kwanza la Ureno dhidi ya Uruguay. Bila hicho, hapa kambini tungebishana mwezi mzima!

Lakini wazazi, hapa sikilizeni vizuri. Mashine inajua zile hatua tu ilizoonyeshwa. Mwaka 2010 Daniel Lieberman na wenzake waliandika kwamba wakimbiaji wa Bonde la Ufa, Kenya, waliozoea pekupeku, hutua zaidi kwa mbele ya wayo. Watu wengi wakasema basi, hiyo ndiyo mbio sahihi. Mwaka 2013 wataalamu wengine wakawapima Wadaasanach, kaskazini mwa Kenya hiyo hiyo, nao pia ni watu wa pekupeku. Walipokimbia mwendo wao wenyewe, wengi walitua kwa kisigino.

Sasa mashine iliyofundishwa na watu wa viatu na lami itamwambia nini mtoto wa mchanga wa Rumonge, au wa vumbi la kambi? Inaweza kumwambia amekosea, na hajakosea kitu. Akijilazimisha ghafla kuacha kisigino na kutua kwa mbele ya wayo, mzigo unahamia kwenye shavu la mguu na kano ya kisigino, anaweza kuumia. Venuste Niyongabo wetu, mzaliwa wa Vugizo kule Makamba, alichukua dhahabu ya mita 5,000 Atlanta 1996, na simu za namna hii hazikuwepo.

Sisemi kifaa ni kibaya. Kizuri chake ni kumlinganisha mtoto na yeye mwenyewe: wa leo na wa mwezi uliopita, mzima na aliyechoka. Na asiye na simu ahesabu hatua za nusu dakika, aandike, arudie wiki ijayo. Asikilize pia. Mguu mmoja ukipiga kishindo kuliko mwenzake, msimamishe mtoto umuulize anaumwa wapi.