Tuzo ya Sanaa Isiyo na Fomu ya Maombi

Mwaka 2022, kikundi cha wasanii kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru, Nairobi, kilitunukiwa Tuzo ya Arnold Bode mjini Kassel, Ujerumani. Kikundi hicho, Wajukuu Art Project, kilianzishwa Lunga Lunga mwaka 2004 na hufundisha watoto wa mtaa huo sanaa.

Tuzo hiyo ina jina la mwanzilishi wa documenta, maonyesho ya sanaa yaliyoanza mwaka 1955. Hufanyika kila baada ya miaka mitano, kwa siku 100. Maonyesho ya 2022 yaliongozwa na ruangrupa, kikundi kutoka Indonesia, kwa wazo la lumbung, yaani ghala la mpunga ambamo kijiji huweka mavuno ya ziada kwa faida ya wote. Ndiyo maana vikundi vinavyofanya kazi na jamii vilialikwa kwa wingi.

Wajukuu hawakuficha walikotoka. Lango la ukumbi walilifunika kwa mabati yenye kutu, na ndani wakaonyesha, miongoni mwa kazi nyingine, sanamu iliyoundwa kwa visu vya jikoni vilivyolika kwa kunolewa.

Wakazi wa Kibera na Kawangware wana la kujifunza hapa. Tuzo hii haina fomu ya maombi wala ada. Msanii hutambuliwa kwa kazi ambayo tayari imeonekana. Kwa hiyo, mtu akidai pesa ili amwingize kijana katika tuzo ya aina hii, atiliwe shaka.

Kazi kama hiyo ipo mitaani. Kikundi cha Maasai Mbili kilianzishwa Kibera mwaka 2001 na wachoraji wa mabango ya maduka. Wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, Solo7, mmoja wa wasanii wake, aliandika ujumbe wa amani kwenye kuta na vibanda vya Kibera.

Vijana wanaotaka kuanza wanaweza kujiunga wakiwa kumi au zaidi na kusajili kikundi katika ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya kaunti ndogo yao, chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Waweke pia picha na tarehe za kila kazi wanayomaliza. Wajukuu walifanya kazi miaka 18 kabla ya kutuzwa Kassel.