Namna ya kukosoa picha bila kumvunja mwenzio moyo

UKIMWONYESHA mtu picha uliyoipiga, aghalabu atakujibu kwa neno moja kati ya mawili: nzuri au mbaya. Neno la kwanza hufurahisha, la pili huumiza, lakini yote mawili humwacha mpiga picha pale pale alipokuwa. Hajui arudie nini wala aache nini.

Hilo ndilo tatizo kubwa la vikundi vya watu wanaopiga picha kwa mapenzi wala si kwa malipo, na katika Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma watu wa aina hiyo hawakosi la kupiga. Mlima Elgon huonekana asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Mto Nzoia huporomoka Nabuyole, karibu na Webuye. Nje ya mji wa Kitale kuna Saiwa Swamp, mbuga ndogo kuliko zote za taifa nchini, iliyotengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, mnyama wa jamii ya swala apendaye kujificha katika matete ya kinamasi. Huko mgeni hutembea kwa miguu na kupanda majukwaa ya mbao ili kumvizia. Mmoja akitoka Bungoma alfajiri na mwenzake akatoka Kitale, wanaweza kukutana Kamukuywa au Kiminini, wakapiga picha hadi jua liwe kali, kisha wakaketi kivulini kuzitazama. Kazi ngumu huanza hapo walipoketi.

Mimi mwenyewe niliwahi kuifungia kamera kabatini kwa miaka miwili. Nilikuwa nimempiga picha babu yangu akipukuchua mahindi mlangoni pa ghala, nikaipeleka kikaoni kwa fahari. Mmoja wetu, ambaye kamera yake ilikuwa ghali kuliko zetu zote, aliitazama kidogo tu, akasema, "Hii si picha." Wengine wakacheka. Sikuuliza kwa nini, naye hakueleza. Baadaye sana ndipo nilipotambua kwamba alikuwa na hoja: nyuma ya babu palikuwa na nguzo iliyoonekana kana kwamba imeota utosini mwake. Hatua moja upande wa kushoto ingalitosha. Lakini babu alikwisha kufariki, na katika miaka hiyo miwili sikuwa nimempiga picha nyingine.

Ajabu ni kwamba utamaduni wa kukosoana tunao. Wasomaji wa kurasa za mashairi magazetini wanajua jinsi malenga wanavyorekebishana. Mkosoaji hodari hasemi tu kwamba shairi limemchukiza. Husema kwamba mshororo wa tatu wa ubeti wa pili una mizani saba katika ukwapi badala ya nane, au kwamba kina cha kati kimebadilika pasipo sababu. Mtunzi huhesabu kwa vidole vyake, akakubali au akakana. Picha haina mizani ya kuhesabu, lakini ina kingo nne, ina penye mwangaza na penye giza, ina vilivyo wazi na vilivyofifia. Yote hayo yanaweza kuonyeshwa kwa kidole.

Wataalamu wa saikolojia Avraham Kluger na Angelo DeNisi walichapisha mwaka 1996 uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu athari za kumweleza mtu jinsi alivyoifanya kazi yake. Kwa wastani, maoni yalisaidia. Hata hivyo, katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo 607 waliyoyapima, utendaji ulishuka baada ya maoni kutolewa. Kwa maelezo yao, maoni hupungukiwa na manufaa kadiri yanavyoyageuza mawazo ya mtu kutoka kwenye kazi iliyo mbele yake hadi kwenye nafsi yake. Sifa nazo zimo humo. Anayeambiwa kila wiki kwamba ana kipaji huanza kukilinda kipaji hicho, akaogopa kujaribu jambo ambalo huenda likamshinda.

Tuseme basi mwenzako ameleta picha ya maporomoko ya Nabuyole. Maji yametoka meupe kama karatasi, hayana umbo. Kabla ya kutaja ubovu wowote, mweleze unachokiona: "Jicho langu linakwenda kwanza kwenye maji, halafu linakosa pa kutua, kwa kuwa sioni povu wala mkondo." Kisha muulize alikuwa anataka nini. Huenda alitaka maji yawe laini kama pazia, akaiacha shata ya kamera wazi kwa robo sekunde adhuhuri, mwangaza ukaingia kupita kiasi. Au huenda alitaka kila tone lionekane, jambo linalohitaji kasi ya sehemu moja ya 500 ya sekunde hivi, ila akasahau kupunguza mwangaza kwa njia nyingine. Wa kwanza atafaidika akiambiwa arudi alfajiri na kiguzo cha miguu mitatu cha kuituliza kamera. Wa pili hahitaji kiguzo wala alfajiri. Asiyeuliza nia ya mwenzake huishia kuishauri picha ambayo angeipiga yeye.

Liz Lerman, mwanadansi wa Marekani, aliliwekea jambo hili utaratibu ambao wasanii wa fani nyingi wameutumia tangu miaka ya 1990. Kwanza watazamaji hutaja kilichowagusa. Kisha msanii huwauliza wao maswali yake. Halafu wao humuuliza yeye, kwa maswali yasiyobeba hukumu ndani yake. Mwishowe ndipo maoni hutolewa, tena kwa idhini ya msanii. Nakiri kwamba utaratibu mzima ni mrefu mno kwa watu kumi wanaowahi matatu ya jioni. Lakini hatua ya tatu isiachwe. "Kwa nini uliikata miguu yake?" hilo si swali, ni shutuma iliyofungiwa alama ya kuuliza. "Uliamuaje mahali pa kuikomesha picha upande wa chini?" hilo ni swali.

Maswali ya namna hii yana faida nyingine kwetu. Vikundi vingi huwa na mzee mmoja aliyekuwa na studio mjini enzi za filamu, na kijana aliyelelewa vizuri hawezi kumwambia mtu wa rika la baba yake kwamba amekosea. Matokeo yake ni kwamba picha za wazee husifiwa tu, nao wananyimwa msaada ambao wengine wanaupata. Kijana akisema, "Mzee, ulitaka tuanze kutazama wapi?" hajavunja adabu hata kidogo. Mzee akionyesha uso wa mchuuzi, na macho ya wote yalikuwa kwenye ndoo nyekundu iliyoko nyuma, ataelewa bila kuambiwa zaidi.

Wakati mwingine lawama humwangukia asiyestahili. Kamera inapojipimia mwangaza, hudhani kwamba mandhari iliyo mbele yake kwa jumla ina wangavu wa wastani, kama rangi ya kijivu. Mtu mweusi akisimama mbele ya anga jeupe, kamera huuona mwangaza umezidi, ikaupunguza, na uso ukatoka kama kivuli. Historia nayo ina mkono wake: kwa miongo kadhaa kampuni ya Kodak ilizipa maabara kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, maarufu kwa jina Shirley, kuwa kigezo cha kusawazishia rangi. Kwa hiyo kumwambia mwanafunzi kwamba picha yake ina giza ni kumwambia analoliona. Afadhali aambiwe aiongezee kamera mwangaza kwa hatua moja, au amsogeze mtu wake chini ya mwembe ambako nyuma yake patakuwa na majani badala ya anga.

Simu nazo zina uonevu wao. Picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, kwa hiyo kumlaumu mtu kwamba manyoya ya nzohe hayaonekani vyema ni kumlaumu kwa kosa la mtandao. Ni heri kikundi kichange pesa kidogo, picha chache zisafishwe katika studio ya mjini kwa saizi ya postikadi, ziwekwe mezani. Mtu anayeishika picha mkononi huitazama kwa muda mrefu kuliko anayeipitisha kwa kidole gumba.

Na anayekosolewa je? Kwanza anyamaze. Kila picha ina hadithi yake: mvua ilinyesha, bodaboda ilichelewa, betri iliisha. Hadithi hizo ni za kweli lakini hazimo ndani ya picha, na anayezisimulia huwaziba wenzake midomo. Aandike anayoambiwa, hata yale yanayomuudhi, ayasome tena baada ya siku mbili au tatu. Watu watatu wakitaja pembe ileile ya picha, ana budi kuitazama, hata kama dawa tatu walizompa hazipatani. Mmoja akisema angependa rangi zaidi, hilo ni la mmoja, na mwenye picha ana haki ya kuliacha. Kisha arudi mahali palepale, saa ileile, aipige upya. Pasipo safari hiyo ya pili, kikao kilikuwa mazungumzo tu.

Yako maoni ambayo hayangojei zamu. Kwa Wabukusu, Agosti ya mwaka wenye tarakimu shufwa ni msimu wa tohara, na wapiga picha humiminika vijijini kufuata nyimbo na mlio wa kengele za chinyimba. Picha ya mvulana aliyepakwa matope alfajiri yaweza kuwa na mwangaza mwanana na mpangilio usio na dosari, na bado isifae kuonyeshwa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kuhusu habari za mtoto. Mwaka 2023, afisi ya kamishna anayesimamia sheria hiyo iliitoza shule moja faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi wao.

Kwa hiyo picha kama hiyo ikiwekwa mezani, anayeanza kuzungumzia matumizi ya kivuli amekosea mlango. Linaloulizwa kwanza ni kama mvulana huyo na wazazi wake wanajua kwamba picha hiyo imefika hapo. Jibu likiwa hapana, picha hulazwa kifudifudi, na mwenyewe akakabidhiwa nauli ya kwenda kuwauliza.