Nzi wa Bafuni: Mtambue Kabla ya Kumeza Dawa



Mama mmoja alinijia na picha mbili katika simu. Ya kwanza ilionesha kijidudu cheusi kimetua ukutani bafuni. Ya pili ilionesha vijifunza vyeusi chooni. Aliamini vimetoka tumboni mwa mwanawe, na tayari alikuwa amempa dawa ya minyoo mara mbili.

Niliikuza picha ya kwanza, jibu likapatikana. Nawe ukimpiga picha mdudu wako, tazama mambo manne. Kwanza, ukubwa: milimita 3 hadi 5 tu. Pili, mwili na mbawa vimejaa nywele kama za nondo. Tatu, akitua hutandaza mbawa, akawa na umbo la moyo. Nne, ukingoni mwa mbawa mna vidoa vidogo vyeupe. Huyo ni nzi wa mabomba ya maji machafu, kitaalamu Clogmia albipunctata. Hang'ati wala hanyonyi damu.

Usimchanganye na usubi aenezaye kalaazari, maradhi yaliyopo Baringo, Turkana na Wajir nchini Kenya. Huyo ni wa ukoo huohuo, lakini akitua mbawa zake husimama mfano wa herufi V, na jike lake hunyonya damu.

Vile vijifunza ni watoto wa nzi huyo. Hukua ndani ya utelezi wa bomba. Ukishuku minyoo, peleka choo kikapimwe, kikiwa kimepokelewa katika chombo safi na kikavu.

Kupata chanzo, usiku bandika utepe wa gundi juu ya tundu la maji, gundi ikitazama chini, bila kuliziba lote. Wakinasa, hapo ndipo wanapozaliana. Kupuliza dawa huua wanaoruka tu. Sugua utelezi kwa brashi na sabuni, kisha mwaga maji mengi. Rudia kila baada ya siku chache kwa wiki tatu, kwani mayai yaliyobaki huendelea kuanguliwa. Usichanganye klorini na tindikali ya kusafishia choo. Hewa yake hudhuru mapafu.

Je, akiangukia maji ya udhu? Hana damu itiririkayo. Kwa madhehebu ya Shafi, akianguka mwenyewe na maji yasibadilike, hayanajisiki. Hata hivyo hubeba vijidudu vya bombani, hivyo funika ndoo na chakula.

Tulipompima mtoto yule hakuwa na minyoo. Lililohitaji tiba ni bafu.