Je, Wajua? Mwewe wa Dandora Si Tai

Ndege wa kahawia azungukaye juu ya jalala la Dandora jijini Nairobi, ingawa ni rahisi kumdhania tai, ni mwewe (Milvus aegyptius), jamaa wa tai asiyefika kilo 1, ambaye huupinda mkia wake wenye panda kama usukani anapopita kati ya nyaya za umeme za Kariobangi, akanyakua utumbo kwa kucha na kuula angali hewani, ustadi unaostahili kutazamwa kwa heshima. Kwa upande wa tai wenyewe, tai mwenye kishungi, yaani manyoya yaliyosimama kisogoni (Stephanoaetus coronatus), huishi katika Msitu wa Karura, jijini humo humo. Jike huweza kuzidi kilo 4, na mabawa yake mafupi na mapana humwezesha kugeuka ghafla kati ya miti na kumkamata kima.