Wapiga jazi wa Saudi Arabia watoka majumbani

Kwa miongo kadhaa, mpiga gitaa wa jazi mjini Riyadh au Jeddah alitegemea mshahara wa kazi nyingine. Maonyesho ya hadhara yalikuwa nadra, hivyo muziki ulipigwa majumbani, baada ya saa za kazi. Hata Tariq Abdulhakim, mtunzi mashuhuri aliyefariki dunia mwaka 2012, alikuwa afisa wa jeshi.

Mwaka 2016 serikali iliunda Mamlaka Kuu ya Burudani. Januari 2017 mwimbaji Mohammed Abdu alitumbuiza Jeddah, na Februari 2018 Riyadh ikaandaa tamasha lake la kwanza la jazi, likizikutanisha bendi za mji huo na za Beirut na New Orleans.

Ruhusa ya kupiga imepatikana. Iwapo gitaa pekee litamlisha mpigaji na familia yake, hilo ni jambo jingine.